Liechtenstein 1, San Marino 3: hesabu za mechi ya wanaoshika mkia

Novemba 18, 2024, kabla mpira haujaanza katika uwanja wa Rheinpark mjini Vaduz, Liechtenstein, msimamo wa Kundi la 1 la Ligi D, daraja la chini kabisa la Ligi ya Mataifa ya Ulaya, ulisomeka hivi: Gibraltar pointi 6, San Marino 4, Liechtenstein 2. Gibraltar ilikuwa imeshamaliza mechi zake zote nne, imekaa nyumbani inasubiri. Hao wengine wawili walibakiwa na mechi moja, tena wao kwa wao.

San Marino ikishinda inafika pointi 7, inaipita Gibraltar na kupanda Ligi C. Ikitoka sare inafika 5 na kushika nafasi ya pili, nafasi inayotoa tiketi ya mchujo dhidi ya timu ya Ligi C, na Gibraltar ndiyo inayopanda moja kwa moja. Liechtenstein ikishinda, nayo inafika 5, inaruka kutoka mkiani hadi nafasi ya pili na kuinyakua tiketi hiyo ya mchujo. Hapo San Marino, iliyoingia uwanjani ikiuwinda uongozi wa kundi, inatoka ikiwa ya mwisho. Dakika 90 zilitosha kuipeleka timu moja kileleni au mkiani. Na kama kuna watu waliopata usumbufu wa moyo kuliko Waliechtenstein wenyewe usiku ule, ni Wagibraltar, maana sare yoyote ingewatosha.

Mechi kama hii hupita kwenye kurasa za michezo kwa mstari mmoja tu wa matokeo. Anayeutazama mstari huo huona vibonde wawili. Kumbe nyuma yake kuna mfumo mzima wa mashindano ya Ulaya: nani hukutana na nani, kwa nini, na ushindi mmoja unaweza kufungua milango mingapi.

Tuanze na swali la nani hukutana na nani. San Marino ni nchi ya watu wapatao 34,000 kwenye kilomita za mraba 61, imezungukwa na Italia pande zote. Liechtenstein ina watu karibu 40,000 kwenye kilomita za mraba 160, imebanwa kati ya Uswisi na Austria. Mtu angedhani timu hizi hukutana mara kwa mara. La hasha. Katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia au Euro, timu hupangwa kwenye vyungu kulingana na ubora, kisha kila kundi huchota timu moja kutoka kila chungu. Maana yake ni kwamba wanaolingana nguvu hutenganishwa kwa makusudi. Timu ya chungu cha mwisho haiwezi kupangwa na mwenzake wa chungu hicho hicho. Itapewa mmoja wa chungu cha kwanza, mmoja wa pili, na kuendelea, wote wakiwa wakubwa kwake.

Droo ya kufuzu Kombe la Dunia 2026 inaonyesha jambo hilo waziwazi. Chungu cha 5 kilikuwa na Moldova, Malta, Andorra, Gibraltar, Liechtenstein na San Marino, na makundi ya timu tano yalikuwa sita. Kila kundi kati ya hayo likapata mnyonge wake mmoja. San Marino ikaangukia kwa Austria, Bosnia na Herzegovina, Romania na Cyprus. Liechtenstein ikaenda kwa Ubelgiji, Wales, Masedonia Kaskazini na Kazakhstan. Wangeweza kufuzu au kuvurunda miaka 30 bila kukutana hata mara moja kwenye mechi ya kufuzu.

Kwa hiyo kwa muda mrefu mahali pa kukutania palikuwa mechi ya kirafiki. Ndivyo ilivyokuwa Aprili 28, 2004 mjini Serravalle, nchini San Marino, Andy Selva alipoifungia San Marino bao mapema, dakika ya 5, na ubao ukabaki 1-0 dhidi ya Liechtenstein hadi mwisho. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa San Marino katika historia, nao haukuwa na pointi hata moja. Baada yake zikafuata mechi 140 bila ushindi. Miaka ishirini na ushee.

Ligi ya Mataifa ya Ulaya, iliyoanza 2018, iliupindua mpango huu. Badala ya kuchanganya wakubwa na wadogo, inawapanga kwa madaraja. Msimu wa 2024/25 ulikuwa na timu 54, kwa kuwa Urusi ilikuwa imefungiwa: Ligi A, B na C zilikuwa na timu 16 kila moja, na sita zilizobaki zikaunda Ligi D, makundi mawili ya timu tatu tatu. Sita hizo ndizo zile zile ambazo miezi michache baadaye zilijaa kwenye chungu cha 5. Mfumo mmoja unawatawanya, mwingine unawakusanya. Ukilielewa hili umeelewa nusu ya habari.

Hata hivyo, kukusanywa si kushinda. San Marino ilipoteza mechi zote sita za msimu wa kwanza. Msimu wa 2020/21 ikapata sare mbili za 0-0, moja Vaduz na nyingine nyumbani dhidi ya Gibraltar, na kwao hilo lilikuwa tukio. Msimu wa 2022/23 ikarudi kupoteza zote. Ingekuwa ligi ya klabu, mashabiki wangeshadai kocha aondoke. Lakini ukizitazama mechi zenyewe unaona kitu kinabadilika. Mwishoni mwa 2023 San Marino ilifunga bao katika mechi tatu mfululizo za kufuzu Euro, dhidi ya Denmark, Kazakhstan na Finland. Ilipoteza zote tatu, lakini kwa timu iliyozoea kukaa miezi mingi bila kutikisa nyavu, kipimo ni hicho.

Kundi la timu tatu lina tabia zake, na wengi hujikwaa hapo. Kila timu hucheza mechi nne, nyumbani na ugenini dhidi ya kila mpinzani, na kila siku ya mechi kuna mmoja anayepumzika. Pointi zinazogombewa ni 12 tu, kwa hiyo sare ni ghali sana. Gibraltar haikupoteza mechi hata moja katika kundi hili: ilitoka 2-2 na Liechtenstein, ikaifunga San Marino 1-0, ikatoka 0-0 na Liechtenstein, ikamaliza kwa 1-1 na San Marino. Nne bila kipigo, pointi 6. San Marino ilipoteza moja lakini ikashinda mbili, pointi 7. Tangu ushindi uanze kuhesabiwa pointi tatu, sare tatu hazizidi ushindi mmoja, na katika kundi fupi namna hii kocha anayekwenda ugenini kutafuta sare anaweza kuwa anajichimbia shimo bila kujua. Endapo timu zingelingana pointi, kinachotazamwa kwanza kwenye Ligi ya Mataifa ni matokeo yao ya ana kwa ana. Tofauti ya mabao ya kundi zima huja baadaye. Tutaona mbele kwamba mechi za kufuzu Kombe la Dunia hufuata mpangilio wa kinyume, na kinyume hicho kilizaa kichekesho.

Sasa uwanjani. Septemba 5, 2024, Serravalle, mechi ya kwanza ya kundi. Dakika ya 53 mpira mrefu unakwenda nyuma ya mabeki wa Liechtenstein, kipa anatoka kuufuata, kijana Nicko Sensoli anautangulia kwa ncha ya mguu na kuusukumia wavuni. Alikuwa na miaka 19. Selva alipofunga lile bao la 2004, Sensoli alikuwa bado hajazaliwa. Ubao ukabaki 1-0, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa San Marino katika mechi ya mashindano.

Bao lenyewe linafundisha zaidi ya hisia zake. Timu hizi hucheza sehemu kubwa ya mwaka dhidi ya wakubwa, na dhidi ya wakubwa wanachojua ni kupaki basi: mabeki watano, viungo wanne mbele yao, mshambuliaji mmoja aliyeachwa peke yake kama mlinzi wa zamu ya usiku. Mstari wa nyuma unakaa karibu na eneo la penalti, nafasi nyuma yake ni ndogo, na mpira ukinaswa unapigwa mbali ili watu wapate kuvuta pumzi. Makosa ya mtindo huo yanajulikana: mabao ya krosi, mipira ya adhabu, na dakika 20 za mwisho miguu inapokwisha.

Wakikutana wao kwa wao, darasa hilo lote halisaidii. Lazima mmoja aushike mpira, na kuushika kunadai vitu wasivyovifanyia mazoezi ya kutosha. Mabeki wa pembeni wanapaswa kupanda. Mabeki wa kati wanapaswa kusogea hadi karibu na mstari wa katikati ili timu isikatike vipande viwili. Hapo nyuma yao panafunguka mita 30 au 40 za nyasi tupu, na kipa aliyezoea kusimama kwenye mstari wake sasa anatakiwa kucheza kama beki wa mwisho. Uamuzi wa kutoka au kubaki hufanywa kwa sekunde moja. Akichelewa nusu hatua, mshambuliaji yuko mbele yake. Akitoka bila kuelewana na beki, wote wawili wanauacha mpira. Ndiyo maana katika mechi za timu ndogo, mpira mrefu wa kawaida kabisa ni silaha kali kuliko pasi kumi za kupendeza.

Kuna pia suala la mwili. Wachezaji wengi wa San Marino ni wa ridhaa, wana kazi zao za mchana, na huomba ruhusa kazini kwenda kucheza. Wanaolipwa kwa kazi ya mpira tu ni wachache. Nchi ina ligi yake ya ndani, lakini kasi yake haifanani na ya kimataifa. Liechtenstein ni kinyume: haina ligi ya taifa kabisa. Klabu zake saba hucheza ndani ya mfumo wa Uswisi, na mashindano pekee ya nyumbani ni kombe, ambalo bingwa wake huwakilisha nchi Ulaya. FC Vaduz, iliyofika hatua ya makundi ya Conference League msimu wa 2022/23, ndiyo kubwa kati yao. Kwa karatasi basi, Mliechtenstein anayecheza ndani ya mfumo wa Uswisi alitakiwa kuwa na makali zaidi. Kwa miaka mingi ilikuwa kweli. Oktoba 2004 Liechtenstein ilitoka 2-2 na Ureno na siku nne baadaye ikaipiga Luxembourg 4-0 ugenini. Lakini kizazi kile kilipita, na nchi ya watu 40,000 haiwezi kuagiza kizazi kingine kama bidhaa dukani.

Ruhusa ya kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu imewasaidia wa ridhaa kuliko wanavyosifiwa. Kocha wa San Marino wa wakati huo, Roberto Cevoli, aliweza kuwapumzisha nusu ya wachezaji wa mbele kabla miguu haijaisha, na kwa timu inayoporomoka dakika za mwisho hilo ni dawa.

Turudi Vaduz. Dakika ya 40 Aron Sele aliifungia Liechtenstein. Kwa wakati huo msimamo ulisema Liechtenstein ya pili, San Marino ya mwisho, Gibraltar imepanda. Na historia ilikuwa upande wa mwenyeji, kwa sababu San Marino haikuwahi kutanguliwa kisha ikashinda, haikuwahi kushinda ugenini, na haikuwahi kufunga mabao matatu katika mechi moja. Ilihitaji mawili tu ili ipande, lakini hata hayo yalionekana mbali.

Kipindi cha pili kilipoanza tu, dakika ya 46, Lorenzo Lazzari alisawazisha. Bao la mapema namna hiyo humnyima mwenzako kitu kimoja cha thamani, nacho ni nafasi ya kujifungia na kulinda uongozi. Tena sare haikuwa na faida kwa Liechtenstein, maana ingewaacha mkiani na pointi 3. Ilibidi wafuate ushindi, na kuufuata kukaacha zile mita 30 nyuma ya mabeki. Dakika ya 66 Nicola Nanni akafunga kwa penalti, dakika ya 76 Alessandro Golinucci akaweka la tatu. Rekodi tatu zilivunjwa ndani ya nusu saa.

San Marino ikapanda Ligi C pamoja na Moldova iliyoongoza kundi la pili. Gibraltar, kwa ile nafasi ya pili, ikapangwa na Latvia kwenye mchujo wa Machi 2026. Liechtenstein ikabaki Ligi D. Chini ya hapo hakuna pa kushukia.

Wengi waliuliza: sasa si San Marino imepanda kwenye viwango vya FIFA? Iliendelea kuwa ya 210, ya mwisho duniani. Hapa ndipo fomula inapohitaji kutazamwa kwa karibu.

Tangu Agosti 2018 FIFA hutumia hesabu ya mtindo wa Elo, iliyotoka kwenye chesi. Pointi zako mpya ni pointi za zamani kujumlisha uzito wa mechi, mara tofauti kati ya matokeo halisi na matarajio. Ushindi ni 1, sare ni 0.5, kipigo ni 0. Mechi ya makundi ya Ligi ya Mataifa ina uzito wa 15, ya kirafiki ndani ya kalenda ya FIFA 10, ya kufuzu 25. Matarajio hutokana na pengo la pointi baina ya timu: unagawa pengo kwa 600, unalifanya kipeo cha 10, unaongeza 1, kisha unagawa 1 kwa jibu hilo. Tuseme mnyonge yuko nyuma kwa pointi 100. Kumi kwa kipeo cha 100/600 ni kama 1.47, ukiongeza 1 unapata 2.47, na 1 kwa 2.47 ni karibu 0.41. Akishinda anaongeza 15 mara 0.59, yaani pointi kama 9. Akitoa sare anapata moja na ushee. Akifungwa anapoteza 6.

Pointi tisa ni pato zuri, lakini mwenye timu ya mwisho hukuta pengo kati yake na wa mbele yake limejengwa kwa miaka, na mechi anazoweza kushinda ni mbili au nne kila miaka miwili. Jambo lingine linalowashangaza watu ni kwamba fomula haitazami idadi ya mabao. Oktoba 9, 2025 mjini Vienna, Austria iliipiga San Marino 10-0, Marko Arnautović akifunga manne. Ukichukua pengo la pointi 800 kama mfano, matarajio ya mnyonge ni 0.04 tu, hivyo kipigo cha mechi ya kufuzu kinamgharimu pointi moja hivi. Kufungwa kumi au moja, ni gharama ile ile. Ushindi wa 1-0 wa Serravalle una uzito kwenye viwango kuliko dhoruba ya Vienna.

Nafungua mabano kidogo, kwa sababu swali hili huulizwa sana kwetu: inakuwaje San Marino iwe na timu FIFA na Zanzibar isiwe nayo? San Marino ni dola huru, na iliingia FIFA na UEFA mwaka 1988. Gibraltar si dola huru, nayo ilitumia miaka mingi mbele ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, kwa hoja kwamba ombi lake lilitangulia masharti mapya ya uanachama. UEFA ikaikubali 2013 na FIFA 2016. Zanzibar ilipokelewa na CAF Machi 2017, na Julai mwaka huo huo uanachama ukafutwa kwa sababu si dola inayojitegemea. Udogo wa watu haumo kabisa kwenye masharti. Nafunga mabano.

Mlango wa mwisho ambao ushindi wa Vaduz uliufungua ni ule ambao wengi hawakuuona hadi mwaka uliofuata. Mchujo wa Ulaya kwa Kombe la Dunia 2026 ulikuwa na timu 16: washindi wa pili 12 wa makundi ya kufuzu, na viongozi wanne bora wa makundi ya Ligi ya Mataifa ambao hawakumaliza katika nafasi mbili za juu kwenye kufuzu. Makundi ya Ligi ya Mataifa yalikuwa 14, na kiongozi wa 14 kwa ubora alikuwa San Marino. Ili nafasi imfikie, viongozi wasiopungua 10 kati ya 13 walio juu yake walipaswa kumaliza wa kwanza au wa pili kwenye kufuzu. Wakubwa walifanya kazi yao: Hispania, Ujerumani, Ureno, Ufaransa, England na Norway waliongoza makundi, Wales na Jamhuri ya Cheki wakawa wa pili. Nane. Zilihitajika mbili kutoka kwa Romania, Uswidi, Masedonia Kaskazini, Ireland Kaskazini na Moldova.

Na Romania ilikuwa kundi moja na San Marino. Kichekesho kikaiva hapo: Romania ikimaliza ya pili, San Marino inasogea hatua moja kuelekea mchujo. Katika kufuzu Kombe la Dunia, timu zikilingana pointi kinachotazamwa kwanza ni tofauti ya mabao, si ana kwa ana. Kwa hesabu kavu, basi, San Marino ilikuwa na sababu ya kufurahia kufungwa mabao mengi na Romania. Hakuna ushahidi kwamba yeyote alicheza kwa nia hiyo, na timu iliyopoteza mechi zote nane kwa mabao 39 dhidi ya 2 haihitaji nia ya kufungwa. Lakini kanuni zikiruhusu mtu afaidike na kipigo chake mwenyewe, aliyeziandika ana la kujibu.

Novemba 15, 2025, mjini Zenica, Bosnia na Herzegovina iliifunga Romania 3-1 na kuifungia njia ya nafasi ya pili. Siku tatu baadaye Romania iliipiga San Marino 7-1, na mabao yale saba hayakumfaa mtu. Romania, Uswidi, Masedonia Kaskazini na Ireland Kaskazini ndizo zilizochukua nafasi nne. Moldova ilikuwa inayofuata, kisha San Marino.